Likizo ya Mapera

Jumamosi, tarehe 4

Nimefika kwa Dada saa tisa alasiri, jungu la umeme mapajani kama mtoto mgonjwa. Mume wangu, ambaye ni fundi wa mafriji, alilipata kwa mteja aliyekuwa akihama. Akabadilisha waya, akanikabidhi. "Mwaka huu msishinde mkikoroga kama wapiga makasia," akasema. "Hili linapika lenyewe, nyinyi mnakaa mnasengenya."

Kila likizo ndefu ya shule ninakuja hapa. Mimi ni mwalimu wa hesabu. Dada ni mkunga mstaafu, anaishi peke yake katika nyumba aliyotuachia Mama, yenye mipera minne nyuma ya jiko. Tunatengeneza kile Mama alichokiita siagi ya mapera, ingawa siagi haimo hata chembe. Ni mapera yaliyopikwa polepole mpaka yakawa mazito na laini, rangi ya tofali, ya kupaka kwenye mkate. Mama ametutoka miaka mitatu sasa, lakini mipera haina habari, inazaa vilevile.

Nilipofungua mlango wa jikoni nilirudi nyuma hatua mbili. Kwenye kabati kulikuwa na nyama iliyooza, imeshafanya funza. Dada alikuwa amekaa mkono mmoja kutoka pale, anakula mkate.

"Dada, hii harufu vipi?"

"Ipi?"

Nikamwonyesha. Akatazama, akatafuna, akameza. "Ah, hiyo. Nilikuwa nataka kuitupa."

Huyu ndiye aliyekuwa akituosha mikono mpaka kwenye viwiko kabla hatujagusa kisu. Nimetupa, nimesugua na maji ya moto mara tatu. Bado sijaamini.

Jumapili, tarehe 5

Tumechuma ndoo sita. Dada alivaa gauni nje ndani. Nilipomwambia alicheka: "Mapera yana macho?" Hakulibadilisha.

Jumatatu, tarehe 6

Chungu cha kwanza. Niandike yote, maana kila mwaka tunabishana tulifanyaje mwaka uliopita.

Osha, kata vichwa na vikonyo, katakata, chemsha kwenye maji kidogo mpaka yalainike. Sukuma kwenye chujio na mgongo wa mwiko. Mbegu zibaki juu, nyama ishuke chini. Hapa ndipo mkono unapokufa. Uji ule unaingia kwenye jungu la umeme na sukari, maji ya malimau, vijiti viwili vya mdalasini na karafuu chache. Swichi iwe kwenye moto mdogo. Mfuniko uwekwe upande, mvuke utoke, la sivyo utapika supu. Saa nane hadi kumi, ukikoroga kila baada ya saa moja. Kujua kama imeiva, weka kijiko kimoja kwenye sahani baridi: pakitokea duara la maji pembeni, bado.

Imeiva saa kumi na moja jioni. Chupa zilichemshwa, zikajazwa zikiwa bado moto, ukabaki upana wa kidole juu. Midomo tukaifuta, vifuniko tukakaza, zikarudi kwenye maji yanayochemka dakika kumi. Kisha tukakaa kusikiliza. Chupa ikipoa, mfuniko hujivuta ndani na kulia *tik*. Zote kumi na nne zimelia.

"Ladha yake vipi?" nikamuuliza.

"Tamu," akasema haraka, kabla kijiko hakijafika mdomoni.

Jumanne, tarehe 7

Sijui niandike vipi haya.

Tulikwenda dukani kwa Mama Chupa kuchukua vifuniko. Jina hilo amelipata kwa sababu anauza kila kitu chenye mdomo: chupa, madumu, mitungi. Amekuwa jirani yetu tangu mimi sijaanza kuvaa sidiria. Wateja walikuwa watano, nikiwamo mimi. Mama Chupa akawa anamsifu mwanawe wa pili, kwamba amepata kazi nzuri, kwamba kichwa amerithi kwa baba yake.

Dada akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, akipima mfuniko kwa kidole: "Kwa baba yake yupi? Mimi ndiye niliyekuzalisha. Mumeo alikuwa safarini mwaka mzima."

Duka zima likaganda. Mzee mmoja alikuwa akimimina mafuta. Yakafurika, hakuna aliyemwambia. Mama Chupa alitufungia vifuniko vyetu kwenye gazeti, taratibu, akanipa mimi mkononi, akaingia chumba cha nyuma.

Njiani nikamsimamisha. "Dada, ile ilikuwa siri ya mzazi. Miaka thelathini umezalisha wanawake, hujawahi kufungua mdomo."

"Si kweli nilichosema?"

"Si suala la kweli."

"Basi unalia nini?"

Sikujua kama nalia.

Alhamisi, tarehe 9

Chungu cha tatu kimeungua. Nilikwenda kuoga na kufua, nikamwachia Dada. Niliporudi moshi ulikuwa umejaa hadi dirishani, swichi iko kwenye moto mkubwa, uji umekuwa lami. Dada alikuwa mezani palepale, anasikiliza redio na kukata kucha.

"Mbona hukuzima?"

"Hukuniambia nizime."

Nimekwangua jungu kwa saa nzima. Nilimwambia mambo ambayo sikupaswa kumwambia mkubwa wangu: kwamba anafanya makusudi, kwamba kukaa peke yake kumemfanya mbinafsi. Alinisikiliza kama mtu anayesubiri matangazo yaishe.

Ijumaa, tarehe 10

Mvua. Mapera yanaanguka yenyewe.

Jumapili, tarehe 12

Naandika nikiwa nimejifungia chumba cha Mama. Nje kunanyesha, saa nane mchana. Nitaandika kwa mpangilio, kwa sababu kichwani hakuna mpangilio.

Baada ya kuugua miezi saba, Mama alifia katika nyumba hii, Dada akimuuguza. Mimi nilikuwa nakuja kila mwisho wa mwezi. Mara ya mwisho nilimwacha amekaa kitandani anapanga nguo. Wiki mbili baadaye, Ijumaa asubuhi, Dada alinipigia: "Mama ametutoka. Ghafla, usingizini." Neno hilo *ghafla* nimeliegemea miaka mitatu. Kila roho iliponisuta kwamba sikuwepo, nilijiambia: hakuna aliyejua.

Leo tulikuwa tunachuja. Mimi nasukuma mwiko, Dada anashikilia bakuli. Akasema, kama mtu anayeomba chumvi:

"Mama alikuita siku tatu, unajua."

"Lini?"

"Wiki ile ya mwisho. Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Alikuwa anakuita wewe tu."

Nilidhani nimesikia vibaya kwa sababu ya mvua. "Dada, uliniambia ilikuwa ghafla."

"Nilikuambia hivyo, ndiyo."

"Simu yangu ilikuwa wazi. Nilikuwa nyumbani. Wiki ile shule ilikuwa imefungwa kwa likizo fupi."

"Najua. Sikukupigia."

"Kwa nini?"

Akafikiri. Kweli alifikiri, nilimwona, kama anayetafuta alikoweka miwani. Kisha uso ukalegea, likampita. Akanyoosha mkono.

"Hilo chujio umemaliza nalo?"

Nikampa. Mikono yangu ndiyo iliyompa; mimi mwenyewe nilikuwa nimeshatoka mle ndani. Nilisimama uani chini ya mvua, nimevaa aproni, hadi viatu vikajaa maji. Wanasema ulimi hauna mfupa. Lakini wa Dada leo ulikuwa na meno.

Nimempigia mume wangu. Nikamsimulia yote.

"Ameomba samahani?" akauliza.

"Ameomba chujio."

"Nije nikuchukue?"

Nilimwambia aje Jumamosi. Jungu limejaa, na Mama hakutulea kumwaga chakula. Hata hasira yangu ina adabu, nimegundua.

Jumatatu, tarehe 13

Chupa kumi na moja. Hatukusemeshana.

Jumanne, tarehe 14

Chupa kumi na mbili. Hatukusemeshana. Nadhani yeye hajagundua.

Jumatano, tarehe 15

Chupa tisa, mbili hazikulia, tumezila. Alipaka mkate wake siagi ya mapera, akanyunyiza chumvi juu akidhani sukari, akala mpaka mwisho. Nilitazama. Sikumwambia. Nilifurahi, na furaha hiyo ikanitisha.

Ijumaa, tarehe 17

Mwandiko leo ni wa kuku.

Asubuhi umeme ulikatika, uji ukiwa umejaa jungu zima. Nilimwambia Dada, maneno matano ya kwanza tangu Jumapili: "Hamishia kwenye jiko la gesi." Nikaenda kuomba vifuniko kwa Mama Chupa, ambaye alinipa bila kunitazama.

Narudi, nikaisikia gesi nikiwa bado langoni. Nzito, mpaka kooni. Uji ulikuwa umefurika ukazima moto, na gesi ikaendelea kutoka, sijui kwa muda gani. Kupitia dirishani nilimwona Dada amesimama mbele ya jiko. Ameinamisha kichwa. Mkono mmoja kiberiti, mkono mwingine njiti, na njiti imeshagusa ubavu wa kiberiti.

Nikatupa mfuko wa vifuniko kwenye mlango wa bati wa jikoni. Kelele zile zikamfanya ageuke, na sekunde ile aliyogeuka nikawa nimefika, nimempokonya kiberiti, nimefunga gesi, nimemvuta kwa kola hadi uani kama mbuzi.

"Unataka kutuua?"

"Nilikuwa nawasha jiko. Limezimika."

"Nyumba nzima ni gesi. Husikii?"

Alikuwa anarekebisha kola. Kisha akaacha. "Sisikii," akasema.

"Nini?"

"Sisikii harufu. Yoyote. Mapera, kahawa, sabuni, mimi mwenyewe. Mdomoni pia, chakula chote ni kama karatasi iliyolowa."

Tulikuwa tumesimama kwenye mapera yaliyooza, nyuki wametuzunguka miguuni.

"Tangu lini?"

"Unadhani nilistaafu kwa nini? Niliwaambia miguu inauma. Miguu haina neno. Mzazi akianza kuharibika tumboni, pua ndiyo inayokuambia, kabla hata ya kipimajoto. Siku moja nilimwinamia mama mmoja, nikamwambia uko salama, mwanangu. Muuguzi mwenzangu alikuwa mlangoni. Aliziba pua toka kule mlangoni."

"Akafa?"

"Tulimuwahi. Siku iliyofuata niliandika barua."

Amestaafu miaka minne sasa. Miaka minne amekuwa akionja mbele yangu, akisema "tamu". Nikakaa chini palepale, kwenye tope, na mwalimu mzima nikaanza kujumlisha: nyama yenye funza, jungu lililoungua, chumvi kwenye mkate. Kila nilichokiita dharau.

"Mkunga mzima," nikamwambia. "Hukwenda kupimwa?"

"Nilikuwa nataka kwenda," akasema, kwa sauti ileile aliyosemea kuhusu nyama.

Jumamosi, tarehe 18

Mume wangu amefika na gari lake la kazi. Alikuja kunichukua, amebaki. Kilichotushtua mimi na yeye ni jambo moja: Dada alimsalimia "shemeji" kisha dakika kumi baadaye akamwuliza yeye ni nani na gari hilo ni la nani.

Jumatatu, tarehe 20

Hospitali. Wamemlaza. Wamempiga picha ya kichwa.

Jumatano, tarehe 22

Daktari wa kichwa ni mwanamke mfupi, kucha fupi, anayesema polepole kama anayeogopa kuamsha mtu. Alitundika picha kwenye mwanga. Hata mimi nisiyejua kitu niliuona: mviringo mweupe, mkubwa kama limau, umekaa nyuma ya paji la uso wa dada yangu kana kwamba ndiko kwao.

Mume wangu aliyekuwa amesimama alitafuta kiti.

"Inaelekea si saratani," daktari akasema. "Uvimbe wa aina hii hukua taratibu sana, miaka mingi. Umekaa juu ya neva za harufu, ndiyo maana pua ilikufa kwanza. Kisha umesukuma ubongo wa mbele. Sehemu hiyo ndiyo breki yetu. Ndiyo inayotuzuia kusema kila tunachofikiri, na ndiyo inayotufanya tujali. Hamkuona amebadilika?"

Nilisema tumeona. Sikusema mabadiliko hayo tuliyaita nini.

"Daktari, uvimbe huo unaweza kumfanya mtu asipige simu?"

"Simu gani?"

Nikamweleza. Kwa kifupi, nikitazama ile picha, si yeye. Miaka mitatu iliyopita, mama yetu, siku tatu. Alisubiri nimalize.

"Huenda uvimbe ulikuwapo tayari," akasema. "Unaweza kumfanya mtu asijali, ndiyo. Lakini siwezi kukuambia tendo fulani la siku fulani lilikuwa la uvimbe au la kwake. Picha haionyeshi hilo."

Nimefundisha hesabu miaka ishirini na mbili. Sijawahi kuchukia swali lisilo na jibu kama hili. Maana wiki nzima nilikuwa nimeshajua namna ya kumchukia. Sasa hata hilo limeondolewa mkononi.

Ijumaa, tarehe 24

Wamemnyoa, Jumatatu anapasuliwa. Akajitazama kwenye kioo. "Nafanana na wale niliowazalisha," akasema. Wagonjwa wote wa wodi wakacheka, na mimi nikacheka. Nilikuwa nimeapa sitacheka naye tena.

Jumatatu, tarehe 27

Walimwingiza chumba cha upasuaji saa mbili asubuhi. Wametoka saa tisa.

Katikati hapo sina la kuandika. Mume wangu alitengeneza feni ya chumba cha kusubiria, bila kuombwa.

Jumanne, tarehe 28

Amefumbua macho. Kichwa kimefungwa kama kifurushi, uso umevimba. Alinitazama muda mrefu.

"Umelala wapi?" akauliza.

"Hapa, kwenye benchi."

"Mgongo utakuuma."

Nilitoka nje ya wodi, nikasimama karibu na ndoo za mafagio. Sikumbuki mara ya mwisho Dada kuniuliza jambo linalonihusu mimi. Nilikuwa nimesahau kwamba zamani hakuna siku iliyopita bila yeye kuniuliza.

Alhamisi, tarehe 30

Nimerudi nyumbani kuoga na kuchukua nguo zake. Nilitegemea kukuta ua mzima umeoza. Nimekuta umefagiwa, na jikoni Mama Chupa amekaa juu ya dumu, anachuja mapera. Jungu linatoa mvuke taratibu, mfuniko upande kama inavyotakiwa.

Nilishindwa hata kumwamkia vizuri. Nikasema tu, "Shikamoo, mama, wewe?"

"Marahaba. Ufunguo mlinipa mimi tangu enzi za mama yenu." Hakuacha kusukuma. "Mume wako alipita dukani, akaniambia kuna kitu kichwani mwa mkunga."

"Mama, kuhusu siku ile..."

"Mzee wangu alijua tangu zamani. Alirudi safarini akamkuta mtoto, akamtazama, akasema ana njaa huyu, mpe maziwa. Yakaisha. Wateja ndio hawakujua." Akapangusa jasho kwa bega. "Nililia siku mbili. Mwanangu amenipigia simu ameuliza. Hilo si dogo, na sitakudanganya kwamba ni dogo. Lakini dada yako alikaa na mimi saa kumi na tisa siku ile, na nilipopasuka alinishona kwa mkono wake. Mtu akikushona, huwezi kumwachia mapera yake yaoze."

Chupa kumi na tano. Zote zimelia.

Jumatano, tarehe 5

Dada amerudi nyumbani. Anatembea taratibu, anashika kuta. Kitu cha kwanza aliingia jikoni, akafungua kabati, akatazama rafu.

"Nani aliyeacha jiko langu hivi?" akauliza.

Akanitazama, akaelewa, akaketi.

Ijumaa, tarehe 7

Ananiuliza alifanya nini na nini. Mengi anayakumbuka, lakini anasema ni kama aliyatazama kupitia dirisha la mtu mwingine. Nilipofika kwenye habari ya duka alishika meza kwa mikono miwili. Alitaka kwenda saa ileile, na kofia yake ya bandeji. Nilimsindikiza.

Alisimama mbele ya kaunta. "Nimevunja kiapo changu," akamwambia Mama Chupa. "Ugonjwa haukunipa maneno yale. Yalikuwa yangu, nilikuwa nimeyafungia. Nisamehe."

Mama Chupa akaendelea kupanga vizibo. "Tangu siku ile wateja wamezidi," akasema hatimaye. "Wanakuja kunitazama. Ngoja kwanza niwauzie, nitakusamehe msimu ukiisha."

Daktari anasema pua haitarudi.

Jumapili, tarehe 9

Leo nimeuliza.

Kilikuwa chungu cha mwisho, mapera ya mwisho madogo ya juu kabisa. Yeye amekaa, mimi nakoroga. Nilikuwa nimepanga maneno siku tatu, nikayapanga kama mtihani, na yote yakanipotea.

"Dada, ile wiki ya Mama."

Alijua. Aliweka chini kisu alichokuwa akikatia malimau.

"Natamani nikuambie ni ugonjwa," akasema. "Shemeji amenipa nafasi hiyo, daktari amenipa, hata wewe naona unanipa. Lakini nakumbuka."

"Niambie."

"Jumanne alianza kuweweseka. Alidhani bado tuko wadogo. Alikuwa akiniambia, kamwamshe mdogo wako, atachelewa shule. Kila baada ya dakika tano. Namwambia, ameshaamka, Mama, anaoga. Anatulia. Kisha tena. Nikamwambia umevaa, umekunywa chai, umetoka. Siku mbili nzima nakupeleka shule. Nilifikiri, nimwite mtu mzima wa miaka arobaini na sita aje kufanya nini, wakati anayetakiwa ni mtoto."

Nilikuwa nimeacha kukoroga. Uji ulikuwa unatoa mapovu makubwa, unarukia mkono wangu, sikuhisi.

"Hiyo ni Jumanne na Jumatano," nikasema.

"Ndiyo." Sauti yake ikashuka. "Alhamisi asubuhi aliamka akili timamu kabisa. Aliomba maji. Alinitambua. Akakuita kwa jina lako zima, akasema, mpigie aje, nataka kumwona. Ningepiga saa ile, ungefika jioni. Alikuwepo hadi jioni."

"Na hukupiga."

"Sikupiga."

Safari hii sikuuliza kwa nini. Alisema mwenyewe.

"Nilimwogesha miezi saba. Nilimgeuza, nilimlisha, nilikata kucha zake. Hakuwahi hata siku moja kuniita. Utamwitaje mtu ambaye hajaondoka? Najua hilo sasa. Siku ile nilisema moyoni, leo awe wangu peke yangu. Siku moja tu. Sikujua ndiyo ya mwisho, lakini mkunga hujua, mdogo wangu. Nilijua."

Nilizima jungu. Nilifanya kila kitu kama kawaida: sahani baridi, kijiko, hakuna duara la maji. Nikajaza chupa. Nikafuta midomo. Nilichoshangaa ni kwamba sikuwa na pa kuiweka hasira. Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo, na kwa uongo nilikuwa na jibu. Kwa hili sikuwa nalo.

"Alikuwaje jioni ile?" nikamuuliza nimempa mgongo.

"Alikaa. Alikula vijiko viwili. Aliuliza kama umeshatoka kwenu. Nikamwambia uko njiani."

"Ukamwambia niko njiani."

"Ndiyo. Akanituma nikamtandikie kitanda mgeni."

Niliingia chumba cha Mama, nikafunga mlango. Nimekaa juu ya kitanda chake hadi jua limezama.

Jumatatu, tarehe 10

Hatukusemeshana. Leo amegundua.

Jumatano, tarehe 12

Shule inafunguliwa Jumatatu. Mume wangu amefika saa nne na gari. Nilimpigia daktari bila Dada kujua; ameruhusu asafiri, mradi asiendeshe yeye, akasema, na Dada hajawahi kushika usukani maishani mwake.

Chupa tumegawana sawa, Mama Chupa kachukua fungu lake. Mume wangu alizipakia kwenye magazeti huku akiimba vibaya. Mimi nilizunguka nyumba nikifunga madirisha. Nilifunga gesi. Nikasimama mbele ya jiko lile, nikamfikiria mtu asiyesikia harufu akiamka hapa peke yake kila asubuhi na kiberiti mkononi.

Dada alikuwa kwenye ngazi ya nyuma, kofia ya sufu kichwani, amekuja kuniaga.

"Mfuko wako uko wapi?" nikamuuliza.

"Mfuko gani?"

"Wa nguo. Unakwenda na sisi."

Alinitazama kama siku ile alipofumbua macho wodini. "Mdogo wangu, sikutegemea..."

"Sijakusamehe," nikamwambia. "Nisikudanganye. Nimejaribu siku tatu, nimeshindwa. Sijui kama nitaweza, wala lini."

"Najua."

"Kwa hiyo usinishukuru."

"Sikushukuru."

"Kuna chumba kinatazama barabara, kina kelele. Mume wangu anakoroma, utamsikia. Na jikoni kwangu hugusi kiberiti."

Akatikisa kichwa kukubali. Alisimama pale, ameshika ukuta, hajui aanze na mguu upi. Mume wangu akapiga honi mara moja, taratibu, kama anayekohoa.

"Basi kapange nguo," nikamwambia Dada. "Tunakusubiri."

Akaingia ndani kupanga nguo, na sisi tukamsubiri.